Kadi ya Kubeba Kundi Zima

Almaty, 14 Januari 2024

Mjomba Zeinolla, shikamoo.

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba theluji ya Arkalyk haijawazibia mlango kama mwaka jana mlipotokea dirishani. Mama anakusalimu. Goti linamsumbua, ila ulimi wake hauna ugonjwa wowote. Anasema ile soseji ya farasi mliyotuma ilikuwa haina mafuta, na kwamba siku hizi kaka yake anachinja farasi wa mbio. Mimi niliila yote, kwa hiyo usimsikilize.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu yako anaisoma mkazamjomba Zhamal, na anachosoma mkazamjomba ukoo mzima unakijua kabla chai haijamiminwa. Barua nimempa mama Sholpan, yule mhudumu wa behewa kwenye treni ya Astana, naye atampa dereva wa basi la kwenu.

Sasa shida yangu. Natengeneza filamu ya katuni ya kuhitimu chuo, na ndani yake kuna kundi la wanyama. Kundi kubwa. Kadi ya grafiki, yaani kile kifaa kinachochora picha ndani ya kompyuta, lazima kwanza ibebe kundi lote kwenye memori yake, kila mnyama na manyoya yake, ndipo ianze kuchora. Yangu ina giga nane. Wanyama wachache inawachora bila taabu. Nikileta kundi, kompyuta inazima. Mwalimu wangu, Orynbai, anasema nipunguze wabaki kama arobaini, nyuma niweke ukungu. Nimemwambia sipunguzi. Kuna mashine za kukodi mtandaoni, lakini hizo ni za watu wenye baba tajiri.

Nataka ile kadi yako kubwa ya zamani, iliyobaki ulipouza mitambo yako ya kuchimba sarafu za mtandaoni, ambayo mwanao Daniyar anachezea michezo yake. Ina giga ishirini na nne. Naidai kwa haki ya mpwa. Mara tatu katika maisha mpwa anachukua anachotaka nyumbani kwa mjomba wake na mjomba hana neno. Mara ya kwanza nilichukua mtoto wa mbwa wako wa kuwindia, mara ya pili tandiko. Hii ndiyo ya mwisho.

Mpwa wako,
Marzhan


Arkalyk, 2 Februari

Marzhan, marahaba.

Sisi wazima. Ng'ombe mwekundu amezaa ndama dume, na Daniyar amefeli mtihani wa udereva kwa mara nyingine. Aligonga nguzo ileile. Mkufunzi anasema safari ijayo nguzo ndiyo itakayopewa leseni. Mwambie mama yako farasi yule alikuwa amenona, goti ndilo linaloonja vibaya.

Wazee walisema kuliko aje mpwa, afadhali waje mbwa mwitu saba. Mbwa mwitu huchukua kondoo wakaondoka, wala hawaandiki barua. Na haki hiyo, bibi wewe, ni ya wavulana. Mbwa nilikupa kwa sababu ulikuwa unalia, tandiko nilikupa kwa sababu lilikuwa bovu.

Lakini sitaki isemwe Zeinolla alimnyima mtoto wa dada yake. Ila kikuukuu sikupi. Hiyo kadi imechimba sarafu usiku na mchana karibu miaka miwili ndani ya gereji, imepikwa ikaiva. Nimpe mpwa wangu kitu hicho, watu waseme nini? Nimeuza dume la farasi la miaka miwili, lile jeusi, na nimeagiza Astana kadi mpya kabisa, ya mwaka jana. Daniyar anasema ni ndogo, ni kimya, inakula umeme nusu ya ile ya zamani na ina mbio kuliko yako mara nyingi. Itakufikia pamoja na barua hii. Zhamal ameifunga kwenye kitambaa cha sherehe, usikitupe.

Ni wanyama gani hao?

Zeinolla


Almaty, 26 Februari

Mjomba, shikamoo.

Hongera kwa ndama. Daniyar mpe pole, na nguzo mpe pole zaidi. Mama alipojua umeuza dume jeusi alikaa kimya mpaka supu ikapoa, na wewe unamjua mama, huo ni msiba.

Kadi ni nzuri. Nisikilize vizuri, nasema ni nzuri, usije ukasema sina shukrani. Niliifunga ndani ya kompyuta asubuhi. Mnyama mmoja, manyoya yote na upepo, aliiva kabla sijamaliza kikombe cha chai. Kadi yangu ya zamani ingenichukua mpaka adhuhuri. Haipigi kelele. Ukiigusa haina joto. Wasichana wa chumbani walisimama kuitazama kama bibi harusi, na mmoja akasema lazima tuitolee zawadi ya kuionea uso.

Kisha nikaleta kundi. Ikagoma. Nikapunguza nyasi, ikagoma. Nikanyoa wanyama manyoya ya tumboni, ambako hakuna atakayeona, ikagoma tu. Memori yake ni giga kumi na mbili, mjomba. Mbio inazo, mgongo haina. Wauzaji wa dukani wote wanaimba mpya, mpya, mpya. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Mimi sitafuti farasi wa mbio, natafuta wa mizigo.

Watu waseme nini, unauliza. Waseme mpwa wako anajua anachokitaka. Niliomba ya zamani, nipe ya zamani. Hii mpya mpe Daniyar, michezo yake itaruka vizuri zaidi, na wewe utapata usingizi. Hakuna atakayepoteza.

Kuhusu haki kuwa ya wavulana: mbwa sikumrudisha, tandiko sikulirudisha. Ulipotoa ulikubali.

Wanyama ni wanyama.

Marzhan


Arkalyk, 9 Machi

Marzhan,

Tu wazima, ila Zhamal ana mafua. Theluji ni nyingi mno mwaka huu na wazee wanatazama mto kwa wasiwasi.

Ile kadi ya zamani imekufa. Imeungua. Harufu yake imejaa nyumba nzima. Basi, jambo limekwisha, na mwalimu wako amesema kweli: watu arobaini wanajaza arusi, wanyama arobaini watajaza filamu. Ukungu ni kitu kizuri. Mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi.

Zeinolla


Almaty, 19 Machi

Mjomba, shikamoo, na heri ya mwaka mpya wa Nauryz unaokuja. Mkazamjomba apone haraka.

Kadi imeungua? Rambirambi zangu. Ilikuwa maiti yenye bidii sana, kwa sababu juzi usiku Daniyar ameniandikia kwamba amecheza mpaka feni za kadi zikaimba, na baba yake akapiga ukuta kwa kiatu. Nilimuuliza kadi gani. Akasema ileile, kwani kuna nyingine? Usimgombeze. Hajui kudanganya, hilo ni jambo ambalo hakurithi kwako.

Nimekasirika, mjomba, na nitakuambia kwa nini. Si kwa kuninyima. Mtu anaweza kuninyima. Nimekasirika kwamba umeuza dume uliyempenda, ukanivika kitambaa cha sherehe, ukaniita mpwa wa heshima, yote hayo ili nisipate kitu kimoja nilichoomba. Na hutaki kusema kwa nini. Katika maisha yangu yote hukuwahi kunidanganya hata kuhusu umri wa farasi.

Kadi mpya anakuletea mama Sholpan pamoja na barua hii, imefungwa kwenye kitambaa chake. Najua zawadi hairudishwi. Najua shangazi zangu wote watakachosema, nao waseme. Nimebaki na kadi yangu ya giga nane na kundi langu zima, na jopo la walimu linakaa Juni. Nikifika mbele yao nina picha tupu, nitasimama na picha tupu. Arobaini na ukungu sitawapa.

Marzhan


Arkalyk, 21 Aprili

Marzhan,

Umesikia kwenye redio, bila shaka. Theluji iliyeyuka kwa pamoja, maji yakaingia mjini, barabara ikakatika. Sisi tulikaa darini kwa jirani na ndama wa ng'ombe mwekundu kwenye ngazi. Tumepoteza kuku na majani ya ng'ombe. Watu wote wazima. Barua yako na kadi vilikaa kwenye basi Astana wiki kadhaa, vimenifikia juzi. Idi tuliila juu ya matope, lakini tuliila.

Maji yakikuzunguka unapata nafasi ya kufikiri, hata kama hutaki.

Mwezi wa kwanza Daniyar alinionyesha kwenye simu picha uliyomtumia ya majaribio. Saiga, yule swala wa nyikani, na ile pua yake kama soksi iliyolegea. Amelala ubavu, kwenye nyasi za Mei. Wewe hujui ulivyomchora vizuri. Nilipokuuliza ni wanyama gani, nilikuwa ninajua tayari. Niliondoka chumbani nikaenda kupasua kuni ambazo zilikuwa zimekwisha kupasuliwa.

Ule mwaka wa maradhi ya saiga wewe ulikuwa kwetu, msichana wa miaka kumi na minne. Uliona naondoka na buldoza, ukaona narudi. Wilaya iliita kila mwenye buldoza. Ulikuwa msimu wa kuzaa, wamekusanyika wote mahali pamoja, majike na watoto wao. Asubuhi walikuwa wanakula, jioni wamelala. Nyika nzima, Marzhan, mpaka jicho linapokomea. Watoto walikuwa wananyonya majike yaliyokufa, kisha nao. Sisi tulichimba mashimo tukawasukuma ndani. Nilivua nguo zile nikazichoma nyuma ya gereji, na sijamwambia mtu yeyote habari hizi, hata mama yako, na wewe usimwambie.

Kisha Daniyar akanieleza, kwa furaha zake, kwamba kadi mpya ingebeba wachache na kubwa ya zamani ingebeba kundi zima. Nikaona nitakachofanya. Arobaini waliolala, na ukungu, ningevumilia. Wote siwezi. Ndiyo maana nilimuuza dume, na ndiyo maana nikasema imeungua. Kupoteza dume kulikuwa rahisi zaidi.

Usiwalaze tena. Nakuomba kama anavyoomba mtu mzima, mara moja.

Zeinolla


Almaty, 30 Aprili

Mjomba wangu,

Nashukuru Mungu mko wazima. Mama amelia kwa ajili ya kuku, hataki kusema alikuwa analia kwa ajili yako. Anakutumia magunia mawili ya unga na viatu vya mpira.

Barua yako niliisoma nimesimama kwenye jukwaa la treni, na mama Sholpan akaniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia ni wa zamani.

Mjomba, picha ile ni ya mwanzo. Ni picha ya kwanza kabisa ya filamu. Amelala, halafu sikio lake linacheza. Halafu anainua shingo. Wanaamka! Filamu yote ni hiyo. Mmoja anaamka, wa pili anaamka, mtoto anatikisa miguu yake mirefu, na mtu mmoja kwenye buldoza anazima injini, anakaa anatazama. Wanaamka mpaka jicho linapokomea, na wanaondoka mbio.

Sasa unaelewa kwa nini sitaki arobaini. Wakiamka arobaini na nyuma kukawa na ukungu, basi hiyo ni hadithi ya arobaini waliobahatika, na wengine wameachwa ukunguni, wamelala vilevile. Nani atachagua waamke wepi na wabaki wepi? Mwalimu Orynbai? Mimi sichagui. Wanaamka wote au filamu haipo.

Sikukuambia kwa sababu niliogopa ungekataa, na ungekataa ningelazimika kukuasi, nami sipendi kukuasi waziwazi, napenda kwa barua. Sikuomba ruhusa yako wakati ule. Siiombi hata sasa. Wewe ulikuwa ndani ya buldoza, lakini mimi nilikuwa dirishani siku ulipoosha minyororo yake mpaka giza likaingia, na tangu siku hiyo sijawahi kuacha kuwaza juu ya wale wanyama. Ni wangu pia.

Umeniomba mara moja, kama mtu mzima. Nami nakataa mara moja, kama mtu mzima. Siwalazi. Nawaamsha. Nipe kadi yangu.

Marzhan


Arkalyk, 12 Mei

Marzhan,

Unga umefika. Mwambie mama yako viatu vyote viwili ni vya mguu wa kushoto, lakini nitavivaa.

Kadi hiyo. Nimeipuliza vumbi, Daniyar ameisafisha na kuipaka ile krimu ya kupoza joto. Kadi mpya amejifungia yeye. Anasema michezo inaruka kama panzi, na nyumba imekuwa kimya mpaka Zhamal anauliza kama mtoto yuko hai.

Usinishukuru. Mpwa hashukuru, mpwa anachukua. Sitaki kuiona filamu hiyo.

Zeinolla


Almaty, 11 Juni

Mjomba, shikamoo. Habari za huko, na matope yamekauka?

Huku tu wazima, lakini hosteli nzima inakujua sasa kwa jina. Kadi yako ni nzito kama tofali. Ilinibidi niizuie kwa chini na kijiti cha kulia tambi, isije ikavunja tundu ilimochomekwa. Siku ya kwanza ilikata umeme wa ghorofa yote na matroni akapanda na tochi kutuuliza nani anachomelea vyuma. Inanguruma. Chumba kimekuwa bafu la mvuke. Wasichana wanaanika soksi juu ya kompyuta na kulala miguu dirishani. Kwa mnyama mmoja, ile mpya inaiacha mbali kabisa, wala hakuna mashindano. Nasema haya ili usidhani napenda vikuukuu kwa kuwa ni vikuukuu.

Lakini niliita kundi, mjomba, na ikanyamaza kidogo. Nilishika meza. Halafu feni zikaanza kuimba, na kona ya juu ya picha ikaanza kutokea. Ilibeba wote. Ilikwenda polepole siku baada ya siku, nami nikawa nalala sakafuni pembeni yake, maana kitandani kulikuwa na joto mno.

Jopo lilikaa jana. Mwalimu Orynbai alisema kazi ni nzuri ila mhitimu hashauriki. Mwenyekiti aliuliza kwa nini sikutumia ukungu kama wenzangu, ningemaliza mapema na kupata alama za juu. Nikamjibu kwamba ukungu ni wa watu wenye cha kuficha. Wamenipa alama ya kupita tu, na onyo la mdomo kwa ajili ya umeme. Nimepita. Mama anataka kwenda kuwapiga.

Filamu iko kwenye flashi, nimeishona ndani ya kitambaa hiki. Umesema hutaki kuiona, na mimi silazimishi mtu. Iweke kabatini. Ila usije ukaniandikia kwamba imeungua.

Marzhan


Arkalyk, 28 Juni

Mpwa wangu,

Tu wazima wote. Daniyar amefaulu udereva, nguzo imepumzika. Nyasi zimeota kwa wingi baada ya maji yale, na farasi wanakamuliwa. Njoo mwezi ujao unywe maziwa yetu ya kumisi, umekonda kwa ajili ya joto la kadi yangu.

Flashi niliiweka kabatini. Ilikaa humo karibu wiki mbili. Jana Zhamal alikwenda kwa dada yake, nikamwita Daniyar aniwekee, kisha nikamfukuza nje.

Kule mashimoni kulikuwa na kijana wa wilaya aliyesimama na kalamu. Hakuna aliyesukumwa ndani kabla hajahesabiwa. Tulihesabu kwa sauti, mimi nikiwa juu ya buldoza, na ulimi umezoea mpaka leo, nikiona kondoo nahesabu, nikiona ndege nahesabu. Basi filamu yako ilipoanza nikaanza kuhesabu. Yule wa kwanza. Yule wa pili, na mtoto wake. Waliposimama wengi nikaanza kuchanganya. Nikarudisha nyuma, nikaanza upya, nikachanganya tena palepale wanapoanza kukimbia. Nimejaribu mpaka Zhamal akarudi akanikuta nalia mbele ya kompyuta ya mtoto, na sikuona aibu.

Waambie hao walimu wako waliotaka ukungu kwamba mimi niliyewahesabu wakiwa wamelala nimeshindwa kuwahesabu wakikimbia.

Mjomba wako,
Zeinolla